Kompyuta ya Kumtumia Mpwa Wako Kismayo

Na Athumani Shee

Tangu vita vya Somalia vya 1991 vilipowatawanya Wabajuni, nyumba nyingi za Kismayo na za visiwa vya Koyama na Chula zina mtu wao Mombasa au Uingereza. Kijana akitaka kujifunza kuandika programu, humpigia simu mjomba aliyeko huko, na mjomba kwa mapenzi yake hutafuta kompyuta mpya ya bei kubwa. Nawaomba wajomba wasubiri kidogo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au baada yake. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi za Ulaya zinaondoa laptopu ambazo hazina kasoro yoyote, na zinauzwa rahisi. Mfano ni ThinkPad T470 ya mwaka 2017. Huyo mpwa anunuliwe hiyo.

Sababu ya kwanza ni umeme. Anayetegemea sola au jenereta anahitaji mashine inayovumilia giza. T470 ina betri mbili, na ile ya nje huchomolewa ikawekwa nyingine bila kuzima mashine. Sababu ya pili ni ufundi. Hewa ya chumvi hula vyuma, na fundi mwenye bisibisi anaweza kuifungua T470, akabadilisha diski au akaongeza RAM hadi GB 32. MacBook za chipu ya M1 na zilizofuata haziongezwi RAM: ukinunua ya GB 8, ni hiyo hiyo mpaka mwisho.

Mfumo endeshi uwe Linux, ama Debian au Linux Mint. Ni wa bure na ni halali, kwa hiyo kijana haachi mashine yake mikononi mwa Windows ya kunakiliwa iliyojaa virusi. Faili la kusakinisha Mint, toleo la Xfce, ni kama GB 3, linaingia kwenye flashi na kuvuka kwa dau hadi kisiwani bila kumaliza bando la mtu. Tena seva nyingi za intaneti duniani zinaendeshwa na Linux, na kiini cha Android ni Linux. Anachozoea nyumbani ndicho atakachokikuta kazini.

Anayetaka kutengeneza programu za iPhone atahitaji Mac, maana Xcode haifanyi kazi kwingine. Anayeajiriwa na ofisi yenye programu za Windows ataifuata Windows. Lakini simu za watu wetu kwa wingi ni Android, na Android Studio inafanya kazi kwenye Linux. Ni nzito, haitaki RAM chini ya GB 8, kwa hiyo mtafutie GB 16.

Basi, wajomba na mashangazi, kabla ya kulipa mpigieni kijana mumuulize anajifunza nini na umeme anaupata wapi. Kisha tumeni laptopu iliyotumika yenye diski ya SSD, betri ya akiba, chaja mbili, na flashi yenye Linux pamoja na mwongozo wa lugha ya programu ya Python wa kusomwa bila intaneti. Pesa itakayobaki mnunulieni paneli ya sola.