Chokaa ya birika na maji ya kazini

Kila familia ya mchimbaji inayorudi Kisangani kutoka Likasi ao Kipushi inaleta malalamiko yaleyale. Kule sabuni haitoi povu. Birika linashika ganda jeupe ndani. Maharagwe yanakaa motoni mpaka makala yanaisha na bado yako magumu. Huku kwetu maji ya robine, siku yakipatikana, sabuni inapokea povu mara moja. Kisha mama anauliza kwa sauti ya chini: maji yale hayatamletea papa mawe ya figo?

Wengi tumewajibu kwa mdomo. Leo tunaandika, juu swali hili linahusu kazi ya mgodi kama vile linahusu jiko.

Katanga, sehemu kubwa ya udongo imelala juu ya mawe ya chokaa na dolomia. Pale Kakontwe, karibu na Likasi, mawe hayo yenyewe yanachimbwa. Mvua ikipenya ndani yake inabeba kalsiamu na manyezi mpaka kwenye kisima na robine. Ukichemsha maji, sehemu ya chokaa inaachana nayo na kushika chini ya birika. Sabuni ya kipande inakamatana na chokaa hiyo kwanza, inakuwa utando wa kijivu kwenye beseni, na nguo inabaki na kile kidogo kilichosalia. Sisi wa Tshopo tunakunywa maji ya mito ya pori, ambayo haikupita katika mawe ya namna hiyo.

Mzigo huo unaangukia mfuko wa mama. Sabuni ambayo huku ingemaliza juma, kule haifiki. Birika lenye ganda nene linachelewa kupata moto, na makala haigawiwi bure. Anayeishi kule afanye hivi: achemshe maji, ayaache yatulie, amimine yale ya juu, na hayo ndiyo aloweke maharagwe usiku mzima. Nguo azifue na maji ya mvua yakiwepo. Ganda la birika litoke na ndimu ao vinegre. Kulikwangua kwa kisu ni kuharibu birika.

Sasa mawe ya figo. OMS, shirika la afya la dunia, haijaweka kipimo cha afya kwa chokaa ya maji, kwa sababu haikuona kwamba kwa kiasi kinachopatikana katika maji ya kunywa inadhuru mtu. Figo inaumia zaidi mtu akikunywa maji kidogo. Mtu wa chini ya ardhi anatoka jasho saa nzima nzima, mkojo unakuwa mchache na mzito, na chumvi zake zinaanza kushikana zikawa mawe. Na hapo ndipo tunaona hatari: wenzetu wanaogopa maji ya robine kwa sababu ya chokaa, wanashuka na chupa moja ndogo, wakipanda wanatafuta bia. Woga wa mawe ndio unayatengeneza mawe. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, kunywa. Ukiona damu ao maumivu makali ya ubavu, nenda kwa daktari, usingoje mwisho wa mwezi.

Lakini asidanganyike mtu wa Kisangani kwamba maji laini ni maji safi. OMS hiyohiyo inasema kwamba maji yanayopita karibu miligramu 200 za chokaa kwa litre yanaweza kuziba mabomba kwa ganda, na yaliyo chini ya karibu 100 yanaweza kuyala mabomba yenyewe. Bomba la chuma la zamani linaliwa polepole na kutu inatoka kwenye kikombe. Tena umeme ukikatika, pompe zinasimama, presha inashuka, na bomba lenye ufa linavuta uchafu wa nje. Mwezi wa 6 mwaka 2000, katika vita vya siku sita, mji ulikosa umeme na maji, watu wakachota mtoni. Kolera tunaijua hapa. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo chemsheni.

Kuchemsha hakuondoi zebaki ya wachimba dhahabu wala mabaki ya shaba. Vitu hivyo vinaweza kuwemo bila ulimi kuvionja. Ndiyo maana hatukubali direksion ya kompani yoyote ijibu swali la maji kwa kusema « ni chokaa tu ». Inawezekana ni kweli. Basi watuonyeshe karatasi ya laboratwari, ibandikwe mlangoni kwa cité na kwenye mlango wa kushukia, ikiwa na tarehe.

Haki hiyo hatuombi kama zawadi. Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha maji ya kunywa. Sheria ya maji nambari 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 ipo. Code minier ya 2018 inadai kompani itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Delege akienda kwenye mkutano aulize ni kiasi gani cha pesa hiyo kimeenda kwenye visima na vipimo, na aandike jibu.

Na mwenzetu anayechimba dhahabu Banalia ao Bafwasende? Huyo hana direksion ya kubandika karatasi. Kwa ajili yake tunaomba divizio ya Mines ya provensi ipime maji na samaki ya mito ambapo zebaki inatumika, na matokeo yasomwe kwa redio, kwa Kiswahili na Lingala, kabla ya mvua kubwa kurudi.