DAWA YA MOYO HAIACHWI GHAFLA



Katika nyumba nyingi za Unguja, hapa Chukwani kama mjini, yumo mzee mwenye presha au maradhi ya moyo. Hupewa dawa hospitali, akazinywa miezi kadhaa, akajiona mzima. Hapo husema, "Nimekwisha poa, dawa za nini tena?" Akaziacha siku moja kwa zote.

Yafaa tufahamu kwamba dawa hizi si kama za malaria, zinywazo siku 3 zikesha. Haziondoi maradhi, bali huyazuia, kama ukuta wa pwani uzuiavyo bahari. Ule uzima auonao ni kazi ya dawa yenyewe.

Aspirini huzuia chembe za damu zisigandamane. Ikiachwa, kwa muda wa siku 10 hivi damu hurejea kuganda kama kwanza. Mwaka 2017 wataalamu wa Uswidi walieleza habari za watu zaidi ya 600,000 waliokuwa wakinywa aspirini kidogo kila siku: walioiacha walipatwa na mashambulio ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37 zaidi kuliko walioendelea. Warfarini nayo hupewa mtu ambaye moyo wake haupigi sawasawa. Akiiacha, donge la damu laweza kufanyika moyoni likapanda ubongoni. Atenololi na propranololi zikikatwa ghafla, moyo huenda mbio na presha hupanda.

Wako pia waziachao kwa ajili ya Ramadhani. Nia yao ni njema, lakini njia siyo. Mola wetu katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, amemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia. Aidha dawa nyingine hunywewa mara moja tu kwa siku, nazo zaweza kuhamishiwa futari au daku. Basi aulizwe tabibu katika Shaabani, wala isingojewe mwezi uandame.

Ikiwa dawa inadhuru, au kuna jino la kung'olewa, hukumu ya kuacha au kupunguza ni ya tabibu. Ikiwa fedha ni haba, mwambieni mapema. Pengine ipo ya bei nafuu.

Nanyi vijana mliojua kusoma, wahesabieni wazee vidonge vyao kabla havijesha. Mkiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki, msiseme ni upepo mbaya mkangoja hata asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile, wala msimpe aspirini nyumbani, kwani huenda ni mshipa uliopasuka.

Kuwatunza wazazi ni pamoja na kuwatunzia dawa zao. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa. Amin.