Mchagua Tairi Si Mwenye Maringo

Nilipohama Mombasa kuja kufanya kazi Garissa, nilikuja na baiskeli yangu ya mashindano, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na matairi membamba. Wenzangu walinicheka. Wakanishauri niiuze, ninunue Black Mamba, nzito, ya kubebea mitungi ya maji. Nami nilipoanza kuuliza habari za matairi yaliyo bora, jirani yangu akanitupia methali: "Mchagua jembe si mkulima." Leo naomba ruhusa ya wasomaji nimjibu.

Ndugu msomaji wa Lamu, Malindi au Mvita, mbigili unaujua. Kijitunda chake, kianguke vyovyote, hakikosi mwiba mmoja uliosimama juu. Huku kwetu mbigili ndio mdogo wa ukoo. Kaka zake ni mgunga, wenye miiba mirefu myeupe, na mathenge. Na huu mathenge, tusijitie hamnazo, ulipandwa Pwani, katika machimbo ya Bamburi, mwaka 1973. Leo umeshika hata kingo za mto Tana.

Kila siku mimi huvuka daraja la Tana kutoka Madogo kuingia mjini. Katikati ya lami miiba si mingi. Iko pembeni, inakoachwa na mifugo iendayo mnadani na matawi yakokotwayo kwenda kuzungushia maboma. Na pembeni ndiko lori linakokusukuma.

Siku moja ya Ramadhani, baada ya Alasiri, nilipata pancha nikirudi nyumbani. Fundi akatia kiraka, nikalipa, nikashika njia. Sijamaliza daraja, upepo umekwisha. Ncha ya mwiba ule ule ilikuwa imebaki ndani ya tairi. Adhana ya Magharibi ilinikuta nasukuma baiskeli, nikafuturu kwa tende mbili za mpita njia. Nilitaka kumlaumu fundi, kisha nikajilaumu mwenyewe, maana matairi yale niliyachagua kwa jicho, kwa kupendezwa na wekundu wa ubavu wake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Je, tairi jembamba laweza kuishi na miiba? Naam. Wengi hudhani wembamba ndio udhaifu, lakini mwiba haupimi upana wa tairi, hupima unene wa ngozi yake. Tairi la mashindano aghalabu hupunguzwa mpira ili liwe jepesi. Hata hivyo yako matairi membamba yaliyotiwa ukanda wa kinga chini ya mpira wa juu, na kanda hizo ni za namna mbili. Ya kwanza hufumwa kwa nyuzi ngumu kama Kevlar, zilizovumbuliwa Marekani mwaka 1965 na Bi Stephanie Kwolek. Huzuia vigae vya chupa na mbigili, lakini mwiba mrefu wa mgunga huweza kupenya baina ya nyuzi. Ya pili ni tabaka nene la mpira, kama milimita 5, na miiba mingi huishia humo kabla ya kuifikia tyubu. Kwa njia za huku nasema bila kusita: chukua hii ya pili, upana wa milimita 28, maadamu uma na breki za baiskeli yako zinalipitisha.

Sikufichi gharama yake. Tairi hilo ni zito, ni gumu kuvisha, na mbio zitapungua. Tena hapana budi lijazwe upepo sawasawa, kwani tairi jembamba lililolegea likigonga shimo, tyubu hubanwa na rimu ikatoboka. Na kila upatapo pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Kitakaponasa, hapo ndipo penye ncha.

Wapo watakaosema pancha ni kudra tu, tairi liwe lolote. Lakini sisi tulifunzwa kumfunga ngamia kwanza ndipo kutawakali, na Garissa si mji wa kukumbushwa habari za ngamia.

Basi jirani yangu, methali yako ni ya kweli kwa mvivu atafutaye sababu ya kutolima. Mimi shamba langu ni la miiba, na nimekwisha kuamua kulilima.