Kabla ya Kulipia Tachipadi, Chomoa Chaja

Nilikuwa nimebakiza siku mbili kukabidhi sura ya tatu ya utafiti wangu pale kishale cha laptopu yangu kilipoanza wazimu. Nimepanga chumba Akheri, huku juu ya Tengeru, katikati ya migomba na mibuni, na usiku ule mvua ya masika ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata redio ya jirani haisikiki. Naweka kidole kwenye tachipadi, kishale kinarukia kona ya skrini. Nataka kuteua neno moja, kinateua kurasa nne. Nikagusa kibodi bila kuangalia, kurasa nne zikafutika. Nilizirudisha kwa Ctrl na Z, lakini jasho lilikuwa limeshanitoka, na baridi yote ile.

Asubuhi sikuingia darasani. Nilishuka Tengeru kwa bodaboda, nikapanda daladala hadi mjini Arusha, nikamwekea fundi mashine mezani. Aliigusa mara mbili tatu. "Mdogo wangu, tachipadi imekufa hii. Elfu themanini, jioni unachukua." Sikuuliza swali hata moja. Bumu lilikuwa halijaingia, na ile elfu themanini ndiyo ilikuwa unga, mchele na nauli ya mwezi. Nikalipa. Jioni niliijaribu palepale mezani kwake, haijachomekwa popote, kishale kikatii kila nilichokiambia. Usiku, chumbani, nikachomeka chaja. Wazimu uleule.

Aliyenipa jibu si fundi, ni giza. Saa tatu hivi umeme ulikatika mtaa mzima. Laptopu ikabaki inakula betri, na kishale kikatulia tuli. Dada mmoja wa mwaka wa tatu tunayekaa naye nyumba moja alikuja kuazima kiberiti, akanikuta nimekodoa macho kwenye skrini. Nikamsimulia. Akasema, "Haya, tusubiri umeme urudi." Uliporudi tu, kishale kikaanza kuruka. Akainama kuangalia ukutani. "Kumbe! We chalii, chaja ndiyo unaichomeka hivi?"

Wengi mnaosoma hapa mnajua nilivyoichomeka, maana nanyi mnafanya hivyo. Soketi zetu ni za matundu matatu. Laptopu yangu ni ya mtumba, ilikuja na waya wenye plagi ya Ulaya, pini mbili za duara. Basi unachukua kifuniko cha kalamu, unakisukuma kwenye tundu la juu ili milango ya ndani ifunguke, halafu unazilazimisha zile pini mbili ziingie. Umeme unapita, chaja inawaka taa, maisha yanaendelea. Tundu la juu, lile la ethi, linabaki halina kazi. Dada alileta waya wake wa pini tatu, tukauunganisha na boksi la chaja yangu. Kishale kikatulia huku umeme upo. Jumamosi, siku ya soko Tengeru, nilinunua waya kama ule kwa elfu tano.

Elfu themanini na elfu tano. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Hoja yangu ni fupi: sisi wanafunzi tunalipa kabla ya kupima. Mashine ikikohoa kidogo tunakimbilia mjini, tunakubali neno la kwanza tutakaloambiwa, na tunarudi na tatizo letu mkononi. Kupima hakuhitaji shahada ya kompyuta. Kunahitaji utulivu na maswali mawili matatu yenye mpangilio.

Tuanze na kwa nini waya ulileta kisanga. Tachipadi haihisi uzito wa kidole. Chini ya kile kibao kuna mistari myembamba ya umeme, na kidole chako, kwa kuwa mwili unapitisha umeme, kinabadilisha kidogo sana chaji iliyopo pale. Mashine inapima mabadiliko hayo na kukadiria kidole kiko wapi. Teknolojia hii si ngeni. Laptopu ya Apple iitwayo PowerBook 500, iliyotoka mwaka 1994, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuitumia badala ya mpira wa kuviringisha. Tatizo ni kwamba boksi la chaja huvujisha umeme kidogo mno kuelekea kwenye laptopu. Pini ya ethi ikiwepo, umeme ule unaenda zake ardhini. Isipokuwepo, unabaki kwenye mashine. Ule mwasho mdogo unaousikia ukipitisha kidole kwenye bodi ya chuma wakati unachaji ndio huo. Tachipadi inapokea kelele ile na kudhani ni vidole.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni bure: chomoa chaja. Kishale kikitulia, tachipadi ni nzima. Tafuta waya wa pini tatu, au chaja nyingine, maana chaja bandia nazo huleta kelele hiyo. Jaribu pia soketi ya nyumba nyingine. Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi kwamba nyuma yake kuna waya wa ethi. Nyumba nyingi tunazopanga hazina, na ekstensheni za bei rahisi nazo hivyohivyo. Na kile kifuniko cha kalamu, tuache. Ile milango iliwekwa kuzuia vitu visiingie kwenye umeme wa volti 230, sisi tunaifungua kwa makusudi.

Kishale kikiendelea kuruka hata kwenye betri, angalia mikono na kibao. Ukitoka kuosha vyombo, au ukila chipsi huku unaandika, unyevu na mafuta vinaichanganya. Zima mashine, futa kibao kwa kitambaa kikavu. Inachekesha, lakini nimeona laptopu mbili hosteli "zikipona" kwa njia hii.

Kama kishale hakisogei kabisa, swali ni jingine: je, tachipadi imezimwa? Kwenye safu ya F huwa kuna kitufe chenye picha ya kibao, pengine F5, F7 au F9 kutegemea aina ya mashine. Kibonyeze pamoja na Fn. Baadhi ya HP za zamani huzimika ukigonga mara mbili kona ya juu kushoto ya kibao, na kitaa cha rangi ya chungwa huwaka. Tena Windows ina mpangilio unaozima tachipadi mausi ikiunganishwa. Kile kidude cha mausi isiyo na waya ulichokisahau kwenye tundu la USB kinatosha kukufanya uamini mashine imekufa. Kichomoe kwanza.

Na usiogope kukosa kishale. Kazi yako hifadhi kwa Ctrl na S. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, mipangilio itafunguka. Tembea ndani yake kwa Tab, mishale na Enter. Tatizo likiwa limeanza baada ya masasisho, shuku draiva, ile programu inayounganisha Windows na kifaa. Bonyeza Windows na X, kisha M, utaona orodha ya vifaa vyote. Iondoe draiva ya tachipadi, uwashe mashine upya, na Windows itaisaka tena yenyewe.

Kipimo cha mwisho kabla ya fundi: omba flashi yenye Ubuntu kwa rafiki anayesoma kompyuta, uiwashe mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha kitu. Tachipadi ikifanya kazi vizuri huko, kifaa ni kizima na tatizo ni programu. Ikigoma huko pia, basi mpelekee fundi, na umwambie yote uliyoyapima. Hapo atajua huyu hapelekwipelekwi. Huenda ni waya bapa mwembamba unaounganisha tachipadi na bodi kuu umelegea, na ule nakushauri usiufungue mwenyewe. Kishikio chake hukatika kirahisi.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi ya elfu themanini.

Baada ya kisa cha waya nilijigeuza mtaalamu. Mwenzetu mmoja darasani akalalamika kwamba tachipadi yake haibofyeki, imekuwa ngumu, na kishale kinajiendea. Bila hata kuishika mashine nikamwambia, "Mzee, huo ni waya tu, tafuta pini tatu." Akatafuta. Haikusaidia. Akaendelea kuchaji kila usiku kitandani, na kwa kuwa kibao kilikuwa kimeinuka kidogo, akawa anakiwekea vitabu juu ili kirudi chini. Wiki nzima. Yule dada wa mwaka wa tatu alipoiona, aliiweka tu mezani. Ikacheza kama meza yenye mguu mfupi. Betri ilikuwa imevimba, inasukuma tachipadi kutoka chini.

Kwenye laptopu nyingi nyembamba betri imelala chini ya mahali unapolaza viganja. Betri za lithiamu zikichakaa au zikiharibika hutoa gesi ndani, zinafura kama maandazi, na cha kwanza kulalamika ni kile kibao. Ukiibana, ukiitoboa au ukiendelea kuichaji, inaweza kushika moto. Dunia iliona hilo mwaka 2016, Samsung ilipolazimika kuziondoa sokoni simu zote za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri. Kwa hiyo hapa hakuna kujaribujaribu: kibao kimeinuka, hakibofyeki, au mashine haikai sawa mezani, zima, chomoa chaja, usiibane, mpelekee fundi aitoe betri. Na betri hiyo isitupwe kwenye shimo la taka kule migombani tunakochomea takataka.

Mwenzetu hakuungua, namshukuru Mungu. Ila mimi nilikuwa nimefanya kosa lilelile la fundi wangu: nilitoa jibu kabla ya kupima. Nilikuwa na jibu moja zuri mfukoni, nikaliuza kwa kila mtu.

Ndiyo maana nasema suala hili si la mtu mmoja mmoja. Chuoni tuna wenzetu wanaosoma kompyuta na umeme wanaolalamika kwamba hawana pa kufanyia mazoezi, na tuna wengine wa ualimu, sheria na maendeleo ya jamii wanaoona aibu kuuliza kwa sababu "si fani yangu". Serikali yetu ya wanafunzi ikusanye makundi haya mawili. Naomba kitu kidogo tu: mchana mmoja kila wiki, meza moja, waya wa pini tatu, chaja mbili nzima, mausi ya waya, flashi ya Ubuntu, na daftari la kuandika kila mashine ilipimwaje na ikakutwa na nini. Hakuna kufungua skrubu pale. Kupima tu, na kumwambia mwenye mashine: hii ni nzima, hii peleka kwa fundi, hii zima sasa hivi.

Wapo watakaosema tunawanyang'anya mafundi ugali. Sioni hivyo. Fundi mzuri hapendi mteja anayerudi jioni analalamika kuhusu kitu ambacho hakikuwa kibovu. Akiletewa mashine iliyopimwa, atatengeneza kinachostahili kutengenezwa, na jina lake litapona. Atakayeumia ni yule anayeishi kwa kutuambia kila kitu kimekufa, na huyo sina cha kumtetea. Wengine watasema hakuna bajeti. Hesabu wenyewe: niliyolipa mimi siku moja, kwa kosa la waya, ingenunua nyaya kumi na sita.

Kiongozi yeyote wa wanafunzi anayesoma hapa, meza na chumba ni vyako kutafuta. Dada wa mwaka wa tatu ameshakubali kukaa zamu ya kwanza. Waya wa pini tatu nitauleta mimi.