Motokaa Iliyolala na Maswali ya Polisi



Wenzetu wengi wana motokaa mbovu zilizowekwa juu ya mawe uani, zikingoja pesa za spea. Askari akija kuuliza, mmoja hujificha, mwingine hutoa chai. Yote mawili hayafai.

Polisi wana haki kuuliza, kwa maana magari ya wizi nayo hufichwa uani. Basi mjibu kwa adabu, umwonyeshe logibuku yenye jina lako. Akisema una kosa kwa kukosa bima, mwambie kwamba Sheria Sura ya 405 yadai bima kwa motokaa inayotumiwa barabarani. Lakini ukiiacha kando ya barabara, hilo ni shauri lingine.

Akikukamata, Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yataka uambiwe sababu upesi, na upelekwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata.

Hongo ni kosa kwa mtoaji na kwa mpokeaji, na chai ya leo humwita askari mwingine kesho. Naona kila tawi lifundishe jambo hili mkutanoni, kama tunavyofundishana habari za mishahara.

Mimi, Mfanyakazi wa Reli