Kelele Haiangushi Theluji

Ukipiga kelele mlimani, theluji itaporomoka. Hata sisi tuliokulia kwenye joto, tulioiona theluji kwenye runinga tu, tunaijua imani hiyo: mmoja anakohoa, mwenzake anamziba mdomo, mlima mzima unawashukia. Ni uongo, na uongo huu unaua.

Sauti ya binadamu haina ubavu huo. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya theluji ya Davos, Uswisi, walilichambua jambo hili wakaonyesha kwamba msukumo wa sauti ni mdogo mno ukilinganishwa na wa mtu anayepita juu ya theluji kwa skii. (Baruti ni habari nyingine.) Kinachoangusha ni uzito. Katika ajali za vifo za wanaotembea milimani, takriban 9 kati ya 10 chanzo ni marehemu mwenyewe au mwenzake wa msafara.

Chimba shimo uone. Juu kuna bamba gumu lililoshindiliwa na upepo. Chini yake punje zisizoshikana, ukizifumbata zinachuruzika vidoleni kama sukari. Wazoefu hukata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, wakalaza koleo juu yake na kugonga: mara 10 kwa kukunja kiganja, 10 kwa kiwiko, 10 kwa mkono mzima kutoka begani. Pakiwa pabaya, bega halifikiwi. Kipande cha juu kinachomoka na kuteleza kama droo. Sasa chukua bamba hilo, lipanue liwe uwanja wa mpira, liinamishe nyuzi 30 hadi 45, kisha ulikate katikati kwa skii zako huku umetulia kama maji mtungini. Utulivu huo utakufaa nini?

Sauti ya kuogopwa ni ya theluji yenyewe: mvumo mzito chini ya miguu, na nyufa zinazokimbia mbele yako. Hapo tabaka la chini limeshavunjika. Geuka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba imani hii inawafunza watu kunyamaza mahali pa kusema. Tarehe 19 Februari 2012, Tunnel Creek, karibu na Stevens Pass katika jimbo la Washington, Marekani, kundi la watu 16, wengi wao mabingwa, liliteremka ilhali onyo la hatari lilikuwa limetolewa. Watatu walikufa. Baadhi ya waliosalimika walieleza baadaye kwamba wasiwasi uliwaingia mapema, kundi ni kubwa mno, lakini hawakutamka. Kati ya mabingwa wote hao, nani aanze?

Ndugu zangu mlioko Denver, Oslo au Zürich, mnaoalikwa na wenzenu wa kazini wikiendi ya theluji, anzeni nyinyi. Ulizeni taarifa ya leo imetaja hatari ya daraja la ngapi kati ya 5. Ulizeni kama kila mtu ana kifaa cha kutafutana kwa mawimbi, fimbo ya kudungia theluji na koleo, maana aliyefukiwa akipitisha dakika 10 hadi 15 nafasi yake ya kupona hushuka haraka, na helikopta haiwahi. Vukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Na anayetazama akiona ufa, apige kelele kwa pumzi zake zote, jicho lisibanduke pale mwenzake alipoonekana mara ya mwisho.