Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya pembejeo: Mikorosho yetu haikuwa na viwavi

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe naishika kwa shida. Mikorosho 11 aliyoniachia marehemu baba hapa Lukuledi, Masasi, imekauka. Imekauka huku nikifuata maelekezo ya ofisi iliyo chini yako.

Tuliripoti mbawakavu. Mashina yalikuwa na matundu, utomvu mweusi ukichuruzika, na unga wa mbao umelundikana chini. Hakuna mtaalamu aliyekuja shambani. Tulipewa chupa za dawa ya bakteria wa udongoni, tukaambiwa tunyunyizie majani kisha tusubiri. Tukasubiri, na mabuu yakaendelea kula.

Bakteria huyo, Bacillus thuringiensis, simpingi. Tangu Mjerumani Berliner ampe jina mwaka 1915, amewafaa wakulima wengi duniani. Lakini kila aina yake ina wadudu wake. Ile ya mbu iligunduliwa jangwa la Negev mwaka 1976, na huzalishwa Kibaha katika kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2015. Aina inayoua baadhi ya mbawakavu ilitangazwa mwaka 1983. Chupa zetu zilikuwa za viwavi. Imeandikwa kwenye lebo, kwa Kiingereza, kwa herufi za kutafuta kwa tochi.

Tena hata mngeleta ile ya mbawakavu, bakteria huyu haui mpaka mdudu amle, ndipo sumu yake itoboe utumbo. Buu la mkorosho limo ndani ya shina, chini ya gome. Dawa ya majani italifikia kwa njia gani?

Tiba ya mdudu huyu ni panga na kuwahi: kumkamata mbawakavu kwa mkono, kubandua gome na kutoa mabuu, na mti ulioliwa sana kuukata na kuuchoma kabla wadudu hawajahamia wa jirani. Kwa mikorosho yangu muda wa kufanya hivyo ulikuwapo. Mliutumia kwa kutuambia tusubiri.

Nimekosa cha kupeleka ghalani, na michango ya shule ya watoto nadaiwa. Hayo nitayabeba. Ila mkorosho ukifa, mheshimiwa, haurudi kwa bajeti ya mwaka ujao. Mche huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mavuno kamili huja miaka mingi baadaye. Mama yangu aliyeipalilia mikorosho ile hataiona mingine ikifika hapo.

Na si chupa hizi peke yake. Salfa nayo hutufikia maua yameshaliwa na ubwiriunga. Mnahesabu mifuko mliyogawa, hamhesabu miti iliyopona. Mkulima akiuliza, anaambiwa ni mbishi.

Naomba haya: pembejeo isitolewe kabla mtaalamu hajauona mti wenyewe, lebo iandikwe kwa Kiswahili na imtaje mdudu anayekusudiwa, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele waletwe vijijini, maana elimu ya mdudu huyu wanayo na iko mkoani humuhumu. Waliopoteza miti kwa maelekezo yenu wapewe miche bila malipo.

Mbawakavu wameshaingia mikorosho ya jirani yangu, na ofisi imemwambia naye asubiri. Tuma mtaalamu wiki hii.

Mkulima wa korosho,
Lukuledi, Masasi